Pensheni ya Ughaibuni: Itamke Kabla Hujaulizwa

 

Leo dada yenu wa safu hii anataka tuzungumze fedha, tena ile ambayo wenye nayo hawapendi itajwe mbele ya watu: pensheni inayotoka nje ya nchi. Mkoa wetu wa Mara unao wapokeaji wengi kuliko tunavyodhani. Yuko muuguzi aliyefanya kazi hospitali za Uingereza mpaka akastaafu, sasa amejenga Makoko. Yuko fundi aliyezeekea kiwandani Marekani, akarudi Bunda kufuga. Yuko mwalimu wa Butiama aliyefundisha Nairobi hadi nywele zikawa nyeupe. Wako na wakwe zetu, Mmarekani, Mswidi au Mkanada, waliokuja na misheni au mradi wa maji, wakaoa au wakaolewa huku, wakabaki. Mara imewazoea watu hao tangu Wamenonaiti walipofungua misheni ya Shirati mwaka 1934 na mapadri wa Maryknoll walipofika Musoma mwaka 1946.

Swali lao huwa lilelile: "Dada, pensheni yangu imeshakatwa kodi huko ilikotoka. TRA nao wanaitaka ya nini?"

Nianze na jibu, maelezo yafuate. Ukiwa mkazi wa Tanzania, pensheni hiyo inapaswa kuonekana kwenye ritani yako ya kodi. Kama utalipa chochote ni suala jingine. Huenda ukadaiwa nyingi, kidogo, au usidaiwe hata senti. Kutamka ni kitu kimoja na kulipa ni kitu kingine, na wengi wanaingia matatani kwa kuvichanganya hivyo viwili. Mtu anaogopa kulipa, basi hatamki. Kumbe kwa kukaa kimya ndipo anapopoteza haki ya kupunguziwa.

Hesabu siku, usihesabu pasipoti

Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, Sura 332, haina haja ya kujua kama wewe ni Mjita, Mzanaki au Mwingereza. Inachotaka kujua ni kama ulikuwa mkazi katika mwaka husika, yaani Januari hadi Desemba. Kwa mtu binafsi, moja kati ya haya linatosha kukufanya mkazi:

Una makazi ya kudumu nchini, na ulikuwepo hapa kwa sehemu yoyote ya mwaka huo.

Au ulikuwepo nchini siku 183 au zaidi, iwe kwa mfululizo au kwa vipande.

Au ulikuwepo mwaka huo na katika kila mmoja wa miaka miwili iliyotangulia, kwa wastani unaozidi siku 122 kwa mwaka.

Soma tena la kwanza. Kuna wadogo zangu wanaosema, "Mimi bado niko Reading, Musoma naenda likizo tu." Lakini nyumba imekamilika, samani zimo, mlinzi analipwa, na mama watoto anaishi humo. Usijitangaze si mkazi kwa sababu tu kazi iko ng'ambo. Pitia hali yako na mtu anayeijua sheria.

Na kibali cha uhamiaji kisikuchanganye. Nchi yetu hairuhusu uraia pacha, kwa hiyo wengi waliochukua pasipoti za nje hurudi kwao wakiwa na hati za wageni. Unaweza kuwa mgeni kwenye dirisha la uhamiaji na ukawa mkazi kamili kwenye dirisha la kodi. Madirisha hayo mawili kila moja lina sheria yake.

Ukishakuwa mkazi, kodi inaangalia mapato yako ya dunia nzima. Hapa nawasikia wajanja: "Basi fedha nitaiacha London, huku nitatoa kidogokidogo kwa kadi." Haisaidii. Sheria haisubiri fedha itue kwenye tawi la benki pale Mukendo. Mapato ni yako tangu yalipokuwa yako.

Kuna mlango mmoja wa nafuu, nao unawastaajabisha watu. Mkazi ambaye, mwisho wa mwaka, jumla ya ukazi wake nchini katika maisha yake yote haijazidi miaka miwili, hutozwa kwa mapato yenye chanzo cha Tanzania tu. Mkwe wetu kutoka Ohio aliyefika mwaka jana anapita mlango huo. Mkewe aliyezaliwa Nyamuswa na kukulia huko hadi alipoondoka akiwa na miaka thelathini hapiti, maana ile miaka miwili aliimaliza utotoni. Nyumba moja, kitanda kimoja, majibu mawili. Ndiyo maana nawaambia wanandoa kila mmoja afanyiwe hesabu yake.

Pensheni gani, inahesabiwaje

Mstaafu wa hapa nyumbani amezoea pensheni ya PSSSF au NSSF kumfikia bila kukatwa kodi, kwa hiyo anaamini kila kiitwacho pensheni kimesamehewa. Nafuu hiyo inakwenda na mifuko yetu inayotambuliwa na sheria za hapa. Mfuko wa mwajiri wa Manchester au Toronto haumo katika kundi hilo. Sheria inataja malipo ya kustaafu miongoni mwa mapato ya ajira.

Ipo pensheni iliyosamehewa kwa jina. Pensheni au kiinua mgongo kinachotolewa kwa ajili ya majeraha au ulemavu uliopatikana vitani hakitozwi, kikilipwa kwa yule aliyejeruhiwa mwenyewe. Mkoa huu uliotoa askari wengi wa Keya (King's African Rifles) unaelewa kwa nini kifungu hicho kipo. Leo kinawahusu wachache, wakiwemo vijana wetu waliovaa sare za majeshi ya nje wakarudi na ulemavu. Angalieni lakini: fidia ya jeraha la vita si sawa na pensheni ya kawaida ya utumishi jeshini. Barua ya malipo ndiyo itakayosema ipi ni ipi.

Na kuna pensheni zinazotokana na michango ya bima ya taifa, si mfuko wa mwajiri, kama ile ya serikali ya Uingereza au Social Security ya Marekani. Kwa hizo ushauri wangu ni huu: usibishane kwenye korido. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inakuruhusu kumwandikia Kamishna Mkuu wa TRA, ukaeleza hali yako yote kwa ukweli, na kuomba uamuzi wa maandishi unaokuhusu wewe. Ukieleza kila kitu bila kuficha, uamuzi huo unamfunga yeye. Karatasi hiyo ina thamani kuliko maneno ya maafisa kumi, hata wakiwa wema kiasi gani.

Tufanye hesabu pamoja

Chukua mstaafu wa Bunda ambaye pensheni yake ya nje, ikigeuzwa shilingi, ni 1,500,000 kwa mwezi, yaani 18,000,000 kwa mwaka, na hana kipato kingine. Kwa viwango vya mtu binafsi mkazi wa Tanzania Bara, shilingi 3,240,000 za kwanza kwa mwaka hazitozwi. Kutoka hapo hadi 6,240,000 ni asilimia 8. Hadi 9,120,000 ni asilimia 20. Hadi 12,000,000 ni asilimia 25. Kinachozidi hapo ni asilimia 30.

Kodi ya 12,000,000 za kwanza inafika 1,536,000. Zile 6,000,000 zilizozidi, kwa asilimia 30, ni 1,800,000. Jumla 3,336,000.

Sasa ndipo inapoingia haki ambayo watu hawaidai. Sheria ya Kodi ya Mapato inampa mkazi nafuu ya kodi ya mapato aliyolipa nje kwa kipato hichohicho. Kama nchi ya nje ilikata asilimia 15, yaani 2,700,000, unazitoa kwenye 3,336,000 na unabaki kudaiwa 636,000. Kama ilikata asilimia 25, yaani 4,500,000, TRA hawakudai kitu. Ila zile 1,164,000 zilizozidi TRA hawakurudishii, kwa sababu nafuu haivuki kiasi cha kodi ya hapa kwa kipato hicho. Kama ulikatwa kimakosa, zidai huko ulikokatwa. Na kama huko hawakukata chochote, unadaiwa 3,336,000 zote.

Umeona? Aliyekatwa sana nje ndiye anayeogopa TRA kuliko wote, na ndiye mwenye uwezekano mdogo wa kudaiwa. Lakini asipojaza ritani na kuambatanisha ushahidi wa makato, nafuu hiyo haiji yenyewe.

Inategemea na nchi ilikotoka

Tanzania ina mikataba ya kuepuka kutoza kodi mara mbili na nchi tisa: Kanada, Denmark, Ufini, India, Italia, Norwei, Afrika Kusini, Uswidi na Zambia. Kama pensheni yako inatoka mojawapo ya hizo, tafuta mkataba usome kifungu cha pensheni, kwa sababu kila mmoja una maneno yake, na pensheni ya aliyekuwa mtumishi wa serikali mara nyingi imewekewa kifungu cha peke yake. Mkanada wa Musoma, kwa mfano, asikubali tu asilimia 25 ambayo Kanada humkata mtu asiye mkazi wake. Amwandikie mlipaji wake kwamba sasa ni mkazi wa Tanzania na aombe kiwango cha mkataba.

Uingereza haimo kwenye orodha hiyo. Raia wa Uingereza anaendelea kupata kile kiwango cha pauni 12,570 kwa mwaka kisichotozwa hata akiishi Kitaji, kwa hiyo mwenye pensheni ndogo anaweza kukuta hakukatwa kitu huko. Hapo hakuna cha kupunguza huku. Jambo jingine kuhusu pensheni ya serikali ya Uingereza: ukihamia Tanzania haipandi tena kila mwaka kama inavyopanda kwa aliyebaki. Kiasi ulichoanza nacho huku ndicho utakachozeeka nacho. Panga ujenzi wako ukilijua hilo.

Marekani nayo haimo, na yenyewe ina tabia yake. Raia wa Marekani na mwenye green card hudaiwa ritani ya huko hata akiishi Kiabakari. Tarehe yao ni 15 Aprili, na anayeishi nje huongezewa hadi 15 Juni kuwasilisha. Na kama akaunti zako zote zilizo nje ya Marekani, iwe CRDB au NMB, kwa pamoja zimewahi kuvuka dola 10,000 siku yoyote ya mwaka, kuna taarifa nyingine ya akaunti za nje inayotakiwa, nayo ina adhabu kali. Wewe uliyerudi kabisa, usidhani green card iliyoisha muda imekufa na majukumu yake. Inarudishwa rasmi kwa fomu, na kabla ya kuirudisha uliza itaigusaje Social Security yako.

Mwalimu wetu wa Butiama aliyefundisha Nairobi naye asikilize. Tangu 27 Desemba 2024, Kenya imeacha kutoza kodi pensheni za mifuko iliyosajiliwa kwa mtu aliyefika umri wa kustaafu. Habari njema, ila ni msamaha wa Kenya. Makubaliano ya kodi ya nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki yalitiwa saini mwaka 2010 na hayajaanza kufanya kazi. Kwa hiyo kutotozwa Nairobi hakumaanishi kutotozwa Butiama.

Na wewe uliye nje unayepokea ya hapa

Swali linakuja pia kwa upande wa pili: "Dada, nimestaafu ualimu, napokea PSSSF, lakini sasa ninaishi na binti yangu Birmingham. Hii ya nyumbani niitaje huko?" Ndiyo. Mkazi wa Uingereza hutakiwa kutaja pensheni ya nje, na tangu Aprili 2017 huhesabiwa yote, si asilimia 90 kama zamani. Kwa wageni wapya kuna nafuu za muda zilizobadilishwa Aprili 2025, kwa hiyo binti asijaze kwa mazoea ya jirani. Kanada na Marekani nazo huwataka wakazi wao wataje pensheni ya nchi yoyote. Kuitaja hakuna aibu. Kwa viwango vya pensheni zetu, mara nyingi hufiki hata kiwango cha kutozwa.

Karatasi na tarehe

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mnaokumbuka wazee wa Jumuiya ile ya kwanza ya Afrika Mashariki, mabaharia wa meli za ziwani na watu wa reli na posta, mnajua. Jumuiya ilivunjika mwaka 1977, na wastaafu wake wakahangaikia mafao kwa miongo. Katika safari ndefu kama hiyo, mwenye barua ya ajira na hati za mshahara alikuwa na pa kuanzia.

Kwa hiyo nunua faili moja, weka haya: barua ya mfuko inayoonyesha aina ya pensheni, taarifa ya malipo ya mwaka mzima, hati ya kodi iliyokatwa nje, taarifa za benki za huko na za huku, nakala ya kurasa za pasipoti zenye mihuri ya kuingia na kutoka, na kumbukumbu ya viwango vya Benki Kuu ulivyotumia kugeuzia fedha. Vitunze miaka mitano isipungue. Ukiletewa fomu ya kuthibitisha kwamba bado uko hai, ijaze siku hiyohiyo, maana ikichelewa malipo husimama.

Tarehe nazo ni chache. Mwajiri alikuwa anakukatia PAYE, hukuwahi kujaza ritani maishani. Pensheni ya nje haina wa kukukatia huku, hivyo kazi ni yako. Chukua TIN, yaani namba ya mlipakodi. Wasilisha makadirio ya mwaka kufikia 31 Machi. Kodi ya makadirio hulipwa kwa awamu nne: 31 Machi, 30 Juni, 30 Septemba na 31 Desemba. Ritani ya mwisho ya mwaka uliopita huwasilishwa ndani ya miezi sita, yaani kufikia 30 Juni. Ukichelewa, adhabu huhesabiwa kwa mwezi na riba hupanda juu yake.

Umetathminiwa vibaya? Usigombane na mtu. Una siku 30 tangu upate uamuzi kuweka pingamizi kwa maandishi. Fahamu tu kwamba pingamizi linapokewa ukilipa ile kodi usiyoibishia au theluthi moja ya iliyotathminiwa, yoyote iliyo kubwa.

Na wewe uliyenyamaza miaka mitatu minne, nakuona unavyokunja gazeti. Likunjue. Anayekwenda mwenyewe na karatasi zake anazungumza: anaweza kuomba kulipa kwa awamu, na sheria inampa Kamishna Mkuu nafasi ya kusamehe riba na adhabu pale penye sababu ya msingi. Anayefuatwa huyaanza mazungumzo hayo akiwa amechelewa. Usimpe kishoka wa stendi ya Bweri nywila yako ya TRA eti "ataiweka sawa". Tafuta mshauri wa kodi aliyesajiliwa, au nenda mwenyewe ofisi ya TRA Musoma ukaulize. Kuuliza ni bure.

Wadogo zangu, wazazi wengi hawa hawawezi kushughulika na mifumo ya mtandao, na aibu inawazuia kusema. Mwisho wa wiki hii mkalishe baba au mama, mhesabu pamoja siku zake za kukaa nchini, mfungue bahasha za mfuko wake moja baada ya nyingine, muone amekatwa nini na wapi. Kisha mpelekeni akajaze. Aliyetamka ana nafuu ya kudai, na aliyenyamaza ana deni linalokua.